Alumini si mtu wa mkono

Nilipoacha chuo nilishika mjengo kwa miezi minne. Kama hujawahi kufanya mjengo, wacha nikueleze mpangilio. Kuna fundi na kuna mtu wa mkono. Fundi anapanga mawe, anashika pimamaji, anaitwa kwa jina. Mtu wa mkono anabeba maji, anachanganya simiti na mchanga, anapandisha karai hadi ghorofa ya tatu. Jioni wote wanalipwa, lakini pesa hazifanani hata kidogo. Nyumba ikiisha, watu wanasema "hii alijenga fundi fulani." Sijawahi kusikia mtu akiuliza nani alibeba karai.

Naanzia hapo kwa sababu kuna metali moja ambayo kemia imeiweka kwenye hiyo nafasi ya kubeba karai kwa miaka mingi sana. Hiyo metali ni alumini. Ndiyo, ile ya sufuria. Na siku hizi nikifungua simu nakuta watu wakisambaza habari ati wanasayansi "wamefundisha alumini kufanya kazi ya platinamu." Mnanitumia na maandishi ya "bro umeona hii?" Nimeona. Lakini inasimuliwa vibaya. Inasimuliwa kama alumini ilikuwa imelala jikoni miaka yote, halafu juzi mtu akaiamsha.

Hapana. Alumini imekuwa kazini tangu 1877. Kuna kitu kipya kweli, na nitakifikia, lakini huwezi kuelewa kipya ni kipi kama hujui cha zamani. Kwa hivyo tulieni, tuende polepole.

Makanga na deni

Kwanza, kichocheo ni nini? Ni makanga. Makanga anakuita, anakuingiza kwa mat, anakupangia kiti, anakushusha Roysambu, halafu yeye anabaki. Safari inayofuata bado ni yeye. Kichocheo kinafanya hivyo kwa kemikali: kinazishika, kinazikutanisha, kinaziachilia zikiwa kitu kingine, na chenyewe kinabaki vile kilivyokuwa. Bila makanga bado ungefika, lakini ungesimama steji mpaka jioni.

Sasa, makanga wenye majina makubwa kwenye kemia ni metali za mpito. Hizi ni zile zimejaa katikati ya jedwali la elementi: chuma, nikeli, shaba, titaniamu, paladiamu, platinamu, rodiamu na wenzao. Paul Sabatier alipata Nobel mwaka 1912 kwa kazi ya nikeli. Mwaka 2001, Nobel ikaenda kwa kazi za rodiamu, rutheniamu na wenzao. Mwaka 2005, rutheniamu na molibdenamu. Mwaka 2010, Heck, Negishi na Suzuki, na hapo ilikuwa paladiamu tupu. Unaona mtindo.

Kwa nini hizo? Sababu ni deni. Metali za mpito zinajua kukopesha na kudai. Paladiamu inatoa elektroni mbili, inashika vipande viwili vya kemikali, inaviunganisha, vipande vinaondoka vikiwa kitu kimoja, na elektroni mbili zinarudi nyumbani. Mfuko uko sawa, twende safari nyingine.

Alumini haiko hivyo. Alumini ina elektroni tatu za nje, na ikishazitoa, imezitoa. Ni yule rafiki yako anayekopesha watu elfu tatu halafu hana uso wa kudai. Vitabu vya shule vinaandika hivyo kwa namba: alumini, +3, basi. Hiyo +3 ndiyo ilifanya watu waamini haiwezi kuwa fundi.

Lakini angalia upande wa pili. Mtu aliyetoa pesa zake zote ana njaa. Alumini ikishatoa zile tatu inabaki na nafasi tupu, na ile nafasi inavuta elektroni za wengine kwa nguvu. Haikopeshi, inavuta. Hiyo tabia ya kuvuta jozi ya elektroni ndiyo tunaita asidi ya Lewis, na alumini ni mmoja wa mabingwa wake. Shika hayo maneno mawili, kukopesha na kuvuta. Historia yote iliyobaki iko ndani yake.

Kwanza ilikuwa dhahabu ya matajiri

Wewe unaijua alumini kama kitu cha jua kali, kinachoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu ya mchanga kikawa sufuria. Lakini hii ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote kwenye ganda la dunia, karibu asilimia 8 ya uzito wake, na bado hakuna mtu aliyeishika mkononi hadi 1825, pale Hans Christian Ørsted alipoitoa kidogo huko Denmark. Imeshikana na oksijeni vibaya sana. Ile shabu ambayo kinyozi anakupaka ukishanyolewa, inayokuchoma na kufunga damu, ni chumvi ya alumini. Watu wametumia shabu tangu zamani bila kujua kuna metali ndani.

Mwaka 1854, Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville akapata njia ya kuitengeneza kwa wingi kidogo, na Mfalme Napoleon wa Tatu akamuunga mkono. Mwaka uliofuata vipande vya alumini vilionyeshwa Paris kama vito. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, kile kichwa kidogo cha juu kabisa walikifanya cha alumini, kwa sababu ilikuwa kitu cha fahari.

Halafu 1886 ikaja. Charles Martin Hall, kijana wa miaka 22 huko Ohio, akafanya majaribio nyumbani kwao, dadake Julia akimsaidia. Paul Héroult, miaka 23, akafanya jambo lile lile Ufaransa, bila hao wawili kujuana. Walipitisha umeme kwenye oksaidi ya alumini iliyoyeyushwa ndani ya madini ya kriolaiti, na metali ikajitenga. Bei ikaanguka. Wote wawili walizaliwa 1863, wote wawili wakafariki 1914. Ndiyo sababu leo una sufuria.

Lakini kumbuka tarehe. Kazi ya alumini kama kichocheo ilianza kabla ya hiyo 1886, metali ikiwa bado ghali.

1877: gesi ambayo hawakuitarajia

Charles Friedel alikuwa Mfaransa. James Mason Crafts alikuwa Mmarekani aliyekuja Paris, na baadaye akawa rais wa MIT. Walikuwa wanafanya majaribio ya kemikali yenye klorini pamoja na vipande vya alumini, na mchanganyiko ukaanza kutoa gesi ya asidi kwa fujo. Wengine wangefungua dirisha na kuandika "imeharibika." Hawa wawili walifuatilia. Kumbe mfanyakazi hakuwa ile metali, ilikuwa kloraidi ya alumini iliyokuwa inajitengeneza humo ndani.

Kilichokuwa kinatokea ni kuvuta. Kloraidi ya alumini inaona klorini kwenye kemikali nyingine, inaivuta, na ile kaboni iliyoachwa inabaki na upungufu mkali wa elektroni. Ikikutana na benzeni, ambayo ina elektroni nyingi, inajishikiza hapo. Kaboni na kaboni zimeungana. Huu mmenyuko unaitwa Friedel-Crafts hadi leo, na kuna rangi, manukato, dawa na plastiki ambazo zimepitia hapo. Hakuna metali ya mpito hata moja ndani.

Mwaka 1915, Almer McAfee wa kampuni ya Gulf huko Texas akachukua hiyo hiyo kloraidi ya alumini akavunja mafuta mazito yawe petroli. Ilifanya kazi, lakini kichocheo chenyewe kilikuwa ghali na kilipotea kwenye uchafu, kwa hivyo hakikuenea. Aliyefanikiwa alikuwa Eugène Houdry, Mfaransa mwingine. Yeye alitumia udongo ulioandaliwa, ule wenye alumini na silika, na mwaka 1937 mtambo mkubwa wa namna yake ukaanza kazi Marcus Hook, Pennsylvania. Petroli yake ya kiwango cha juu iliingia kwenye ndege za Vita vya Pili vya Dunia. Miaka ya 1960 udongo ukabadilishwa na zeolaiti, fuwele za alumini na silika zenye vitundu vidogo sana. Hadi leo petroli nyingi duniani zinapitia kwenye zeolaiti.

Kwa hivyo ukipanda mat, kuna alumini kwenye bodi ya injini, na kuna uwezekano mkubwa alumini ilihusika pia kutengeneza kile kinachochomeka ndani yake. Lakini mtu akitaja "kichocheo" na "gari" pamoja, unafikiria ile chupa ya ekzosi yenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Ile ambayo jirani yetu aliacha gari kwa fundi, akarudishiwa likinguruma kama pikipiki, chupa imeshauzwa skrepu. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilipita dola 25,000. Hakuna mtu atalala chini ya gari lako usiku akitafuta zeolaiti.

1925: kuna siku iliachilia

Hii sehemu inarukwa sana na mimi ndiyo naipenda zaidi.

Lawama kubwa dhidi ya alumini ni kwamba ikishika haiachi. Kwenye Friedel-Crafts, ukitengeneza aina fulani ya bidhaa inayoitwa ketoni, kloraidi ya alumini inang'ang'ania ile bidhaa. Inabidi uweke nyingi, zaidi ya molekuli kwa molekuli, halafu mwisho unamwaga maji kuivunja na unabaki na lundo la uchafu. Hapo si kichocheo tena, ni abiria. Lawama ni ya haki.

Lakini mwaka 1925, Hans Meerwein kule Ujerumani na Albert Verley kule Ufaransa, kila mtu kivyake, wakaonyesha kitu tofauti. Mwaka uliofuata Wolfgang Ponndorf akakiboresha. Chukua ketoni au aldehaidi, weka alumini iliyofungwa na vipande vya pombe, ongeza pombe nyingi ya aina ya isopropili, ile iko kwenye baadhi ya sanitaiza. Alumini inavishika vyote viwili kwa wakati mmoja, inavisogeza karibu, na haidrojeni inaruka kutoka kwa pombe kwenda kwa ketoni. Pombe inageuka asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha. Ketoni inageuka pombe mpya. Alumini inaachilia, inashika jozi nyingine.

Soma tena hiyo. Inashika, inakutanisha, inaachilia. Huyo ni makanga kamili. Na kazi hiyo ya kuhamisha haidrojeni ni ile ile ambayo miaka mingi baadaye rutheniamu ilikuja kusifiwa nayo. Kuwa mkweli, rutheniamu inaifanya haraka zaidi, na inaweza kuchagua mkono wa kulia au wa kushoto wa molekuli, jambo ambalo ni muhimu sana kwa dawa. Sisemi ni sawa. Nasema alumini ilifika hapo kwanza, na ilifika bila kubadilisha ile +3 yake hata sekunde moja. Haikukopesha chochote. Ilivuta tu, kwa akili.

1953: mtungi wa maji wa njano

Sasa njoo kwenye kile kitu kila nyumba ya Kenya inacho. Mtungi wa lita 20. Maji yakipotea mtaani, ile foleni yote ni ya plastiki moja inayoitwa polithini ngumu. Hiyo plastiki ina hadithi, na hadithi inaanza na alumini.

Karl Ziegler alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe huko Mülheim, Ujerumani. Alikuwa anacheza na trietili alumini, kioevu kinachowaka moto chenyewe kikiguswa na hewa. Aligundua kwamba ukikiweka pamoja na gesi ya ethilini kwa shinikizo, alumini inaanza kushona gesi kuwa mnyororo: kipande, kipande, kipande. Alumini peke yake, bila msaada. Minyororo haikuwa mirefu ya kutosha kuwa plastiki, lakini ilifaa kutengeneza pombe ndefu ambazo leo zinaingia kwenye sabuni.

Halafu mwaka 1953 mwanafunzi wake, Erhard Holzkamp, akarudia jaribio na likagoma. Badala ya mnyororo alipata vipande vifupi tu. Walitafuta sababu kila mahali hadi wakapata: ndani ya kile chombo cha chuma kulikuwa na mabaki kidogo ya nikeli. Nikeli ilikuwa inakata mnyororo mapema. Wakajiuliza, kama nikeli inaharibu hivi, metali nyingine zitafanya nini? Wakaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine. Zirkoniamu ikatoa plastiki. Titaniamu ikatoa plastiki kwa kasi, bila hata shinikizo. Kabla ya hapo polithini ilitengenezwa kwa njia ya Waingereza, kwa shinikizo la zaidi ya mara 1,000 ya hewa tunayopumua. Sasa ilitoka kwenye chombo cha kawaida mezani.

Giulio Natta wa Milano akachukua mbinu hiyo na mwaka 1954 akatengeneza polipropilini, ile ya viti vya plastiki vya harusini na magunia ya sukari. Mwaka 1963 wote wawili wakapata Nobel.

Na hapa ndipo mtu wa mkono anaingia. Kwenye maelezo mengi utakayosoma, titaniamu ndiyo "kichocheo" na alumini ni "kichocheo msaidizi." Kazi ya alumini ni kuiandaa titaniamu: kuipa kipande cha kaboni cha kuanzia, kuipunguza hadi hali inayofaa, na kusafisha maji na hewa vinavyoweza kuiua. Kweli, mnyororo unashonwa kwenye titaniamu. Siwezi kukunyima hiyo. Lakini ondoa alumini uone kama ile titaniamu itaamka. Na tusisahau ni utafiti wa alumini uliomleta Ziegler kwenye huo mlango.

Ikajirudia Hamburg miaka ya 1970. Timu ya Hansjörg Sinn na Walter Kaminsky ilikuwa na mchanganyiko wa metali ya mpito na trimetili alumini, na ulikuwa hafifu. Maji kidogo yakaingia, kitu ambacho kila mtu alijua kinaharibu. Badala ya kufa, mchanganyiko ukawa mkali ajabu. Maji na alumini vilikuwa vimetengeneza kitu kipya, methilialuminoksani. Bila hicho, vichocheo vya plastiki vya aina ya metalosini vingebaki vitu vya maktaba. Tena jina kubwa likaenda kwa metali ya mpito.

Ukitaka mifano zaidi iko. Kichocheo cha chuma cha kutengeneza amonia, ile inayogeuzwa mbolea, Alwin Mittasch wa BASF alikifanikisha kwa kuchanganya chuma na oksaidi ya alumini na potashi kidogo. Alumini ndiyo inazuia chembe za chuma kugandana kwenye ule moto. Na nikeli ya Raney, inayotumika kugandisha mafuta ya kupikia, inaanza kama mchanganyiko wa nikeli na alumini. Halafu unaimwagia sodiamu haidroksaidi, alumini nyingi inayeyuka, inaacha nikeli ikiwa na matundu kama sifongo. Alumini inakufa ili nikeli ing'ae. Maze, hata mimi nilicheka niliposoma.

Siku alumini ilipigwa kalamu

Lakini nisiwe shabiki tu. Kuna siku alumini ilifutwa kazi, na ilistahili.

Ibuprofeni unaijua, ile unameza kichwa kikigonga. Ilitoka kwa kampuni ya Boots ya Uingereza miaka ya 1960. Njia yao ya kwanza ilikuwa na hatua sita, na ya kwanza ilikuwa Friedel-Crafts yenye kloraidi ya alumini. Ule uchafu niliokuambia, mwingi sana. Miaka ya 1990 ikaja njia mpya ya hatua tatu: asidi ya haidrojeni floraidi, ambayo inarudishwa na kutumiwa tena, halafu nikeli ya Raney, halafu paladiamu. Uchafu ukapungua sana, na mwaka 1997 njia hiyo ikapewa tuzo ya kemia safi huko Marekani.

Hapo metali za mpito ndizo zilikuwa jibu na alumini ndiyo ilikuwa tatizo. Nataka uikumbuke hiyo kila ukisoma kichwa cha habari kinachosema kitu fulani ni "rafiki wa mazingira" kwa sababu ni cha bei rahisi. Alumini ikitumika vibaya ni lori la takataka. Paladiamu gramu chache ikitumika vizuri ni safi zaidi. Unahesabu kazi nzima, hauhesabu bei ya kilo tu.

Sasa kipya ni kipi?

Kipya ni kwamba watu wamefundisha alumini kukopesha.

Mwaka 2000, kikundi cha Herbert Roesky huko Göttingen kikatengeneza kiwanja ambamo atomu moja ya alumini imesimama peke yake ikiwa +1, siyo +3. Maana yake imetoa elektroni moja tu na mbili bado ziko mfukoni. Ili isikimbilie kuzitoa, waliizungushia molekuli kubwa pande zote, kama mabaunsa. Mwaka 2010, Philip Power wa California akaandika kwenye jarida la Nature kwamba elementi za kundi kuu, zile za pembeni mwa jedwali, zinaanza kufanya mambo tuliyodhani ni ya metali za mpito peke yake.

Mwaka 2015 kikundi cha Roesky kikaonyesha haidraidi ya alumini ikifanya kazi ya kichocheo kuongeza boroni na haidrojeni kwenye aldehaidi na ketoni, na kichwa cha karatasi yao kilisema wazi inafanya kazi kama metali ya mpito. Mwaka uliofuata watu wa Edinburgh wakafanya jambo la karibu na hilo kwa kemikali ya alumini ambayo maabara nyingi tayari zinayo kwenye rafu. Hizi mbili bado ni alumini ya +3, ile ya kuvuta, lakini inashika na kuachilia vizuri.

Halafu 2018, Simon Aldridge na Jose Goicoechea huko Oxford wakatoa alumini yenye chaji hasi. Alumini, ambayo maisha yake yote ni kuvuta elektroni, sasa inazigawa. Iliweza kuvunja kifungo cha kaboni na haidrojeni kwenye benzeni, kazi ambayo ilikuwa ya wakubwa.

Lakini angalia kwa makini, kwa sababu hapa ndipo video zinadanganya. Kuvunja kifungo mara moja siyo uchochezi. Alumini ya +1 ikikopesha zile mbili inakuwa +3, na +3 ndiyo nyumbani kwake, iko starehe. Kuirudisha +1 ili ifanye safari ya pili ndiyo shida yote. Kukopesha imejifunza, kudai bado inafundishwa. Mzunguko kamili, wa kwenda na kurudi, mara elfu moja bila kuchoka, kama paladiamu? Hapo ndipo mashindano yako sasa. Na vingi vya hivi viwanja vipya vinakufa vikiona hewa au tone la maji. Vinatengenezwa ndani ya masanduku ya glavu yaliyojaa gesi isiyo na oksijeni, na wale "mabaunsa" wa molekuli kubwa wanachukua hatua nyingi kutengeneza. Metali rahisi haimaanishi kichocheo rahisi.

Inatuhusu nini?

Platinamu na rodiamu nyingi zinatoka Afrika Kusini, na paladiamu nyingi inatoka huko na Urusi. Zikikohoa, viwanda vya dawa na magari vinapata homa. Alumini iko kila mahali. Akiba kubwa zaidi duniani ya boksiti, lile jiwe lake, iko Guinea, Afrika Magharibi. Najua vile unataka nimalizie: "kwa hivyo Afrika itatajirika." Sitasema hivyo. Guinea imekuwa ikichimba boksiti miaka mingi na sehemu kubwa sana inapanda meli ikiwa bado jiwe. Kichocheo kinauzwa kwa gramu, na bei yake ni ile akili ya kukitengeneza, siyo udongo. Kama hatuna hayo masanduku ya glavu na watu wa kukaa mbele yake, tutakuwa tena wa kubeba karai.

Na hilo ndilo linaniuma. Mimi niliacha chuo, sijifichi, na sababu ilikuwa karo. Lakini kabla sijaacha nilishaambiwa darasani kwamba alumini ni +3 tu, andika, jibu ni hilo, swali lingine. Ile karatasi ya Göttingen ya 2000 ilikuwa imechapishwa kabla hata sijazaliwa. Mwalimu hakusema uongo. Kwa mtihani lile ndilo jibu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya "alumini hupenda +3" na "alumini haiwezi kitu kingine." Ya kwanza ni kemia. Ya pili ni mtu amechoka kueleza.

Friedel na Crafts walifuata gesi ambayo hawakuitarajia. Holzkamp alifuata jaribio lililogoma. Watu wa Hamburg walifuata maji yaliyoingia kimakosa. Hall alikuwa na miaka 22 na metali ambayo wazee walishaiwekea bei. Hawa wote walikuwa na maabara, au angalau kibanda na dada wa kusaidia. Kwa hivyo sitakuambia "amini ndoto zako," hiyo haijalipia mtu yeyote gesi ya nitrojeni. Nakuambia kama uko chuo bado, na una ufunguo wa maabara hata ile yenye fenicha ya zamani, itumie. Kuna sisi tuko nje tunasoma hizi karatasi kwa simu, bando ikiisha tunangoja kesho.

Na ukiona tena ile video ya "alumini imechukua kazi ya platinamu," mjibu mwenye kuiweka maswali mawili: inavuta au inakopesha? Na je, imerudi kwa safari ya pili? Akijibu vizuri, nitumie. Hiyo nitaiangalia.